Kijiti Moto na Malaika wa Managu

Jumamosi, 7 Februari

Nimeamua. Mwaka huu maandamano ya matoleo nitayaongoza mimi. Naandika leo ili asije mtu baadaye akadai wazo lilikuwa lake.

Mambo yako hivi. Padri Mbuthia ametangaza kwamba kile kiwanja cha nyuma ya shule ya kigango, hapa Silanga, ambapo watu wametupa taka tangu kabla sijaoa, kitasafishwa kiwe bustani ya kanisa na shule. Kila jumuiya itapewa tuta lake na mahali pa kuozesha mboji yake. Mboga zitaenda jikoni kwa shule. Halafu, Jumapili ya tarehe 17 Mei, tutakapoadhimisha sikukuu ya somo wetu Mtakatifu Isidori mkulima, Dekano, padri mkuu wa eneo letu, atakuja kukagua. Jumuiya yenye tuta bora itatangulia kupeleka matoleo altareni.

Kutangulia! Mbele ya kayamba, mbele ya kreti za soda, mbele ya mbuzi.

Mwaka jana jumuiya yetu, Mtakatifu Kizito, ilikuwa ya mwisho kwenye mstari, na mimi nilikuwa wa mwisho ndani ya Kizito. Nilibeba tishu. Tishu za choo, kwenye sinia, nikicheza. Watoto wa katekisimu wananiita Baba Tishu hadi leo. Aliyetangulia ni Nereah, mwenyekiti wa Jumuiya ya Mtakatifu Monika, na kapu la samaki kichwani. Alicheza kutoka mlangoni hadi altareni kama mtu anayerudishiwa nyumba yake.

Padri aliuliza nani atasimamia tuta la Kizito. Nikanyoosha mkono. Nikaangalia kushoto na kulia. Hakuna mwingine. Nimechaguliwa bila kupingwa.

Mke wangu Nthenya ameniuliza kama nimewahi kupanda kitu chochote tangu tutoke Kitui. Nimemkumbusha kwamba makaa ninayouza yote yalikuwa miti.

Jumanne, 10 Februari

Somo la mboji kutoka kwa Mwalimu Caren, anayefundisha kilimo shuleni. Majani makavu chini, maganda na mabaki ya mboga juu yake, samadi, udongo kidogo, maji, kisha unaanza tena mpaka rundo lifike kifuani. Ukilipanga vizuri linajipasha joto lenyewe katikati. Joto hilo ndilo linaloivisha mboji, na ndilo linaloua mbegu za magugu. Bila joto, akasema, hiyo si mboji, ni taka iliyorundikwa kwa adabu.

Utajuaje kama lina joto? Unadunga kijiti kirefu mpaka katikati na kukiacha humo. Mwalimu atapita Jumamosi, atakichomoa na kukishika. Kikiwa moto, rundo liko hai. Na kila baada ya siku kadhaa, geuza rundo lote kwa uma.

Wengine walikuwa wanatikisa vichwa kwa wasiwasi. Mimi nilitulia. Mtu anayeuza makaa afundishwe habari za joto?

Akeyo, mpishi wa shule, alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na mwiko mkononi. Akauliza mboga zenyewe zitafika lini, maana watoto wamechoka na githeri kavu, mahindi na maharagwe bila mboga. Nereah akamjibu vizuri, kwa kirefu. Mimi nikamwambia za Kizito zitafika kwanza. Akeyo akanitazama na kurudi kwa sufuria yake.

Alasiri nimekwenda Kawangware 56 na mkokoteni wangu. Dada yangu Kasiva anauza mboga pale sokoni, na soko hilo hutupa vitu ambavyo rundo lolote lingevionea fahari. Nyanya zilizopasuka. Malenge yaliyooza nusu. Mashina ya managu na terere, zile mboga za kienyeji, yaliyokomaa hadi kutoa mbegu, ambayo hakuna mnunuzi angeyatazama. Kasiva akauliza kama sioni hizo mbegu zote. Nikamwambia joto litazimaliza. Akasema sawa, kwa sauti ile anayoitumia kwa mteja anayechagua nyanya mbovu mwenyewe.

Nimesukuma mkokoteni mpaka Silanga. Kwenye barabara ya Ngong dereva mmoja alitoa kichwa dirishani akaniuliza kama nimehama. Sikumjibu. Watu wenye maono hawajibu madereva.

Jumamosi, 14 Februari

Tatizo dogo. Shehena yote ya Kawangware imefika kiunoni tu. Rundo la Nereah limefika kifuani, limepangwa matabaka kama chapati, na amelifunika kwa majani ya migomba.

Nimelitatua. Katikati ya rundo nimeweka magunia matupu ya makaa, yamekunjwa vizuri, kisha nikapanga taka pembeni na juu. Sasa la Kizito limefika kidevuni. Ndilo refu kuliko yote. Padri amepita akaniambia, kumbe Mbuvi. Hayo tu, lakini namna alivyoyasema!

Nereah alizunguka rundo langu polepole.

"Baba Victor," akasema, akiniita kwa jina la mwanangu, "hili lako limekua kama mtoto wa kambo. Limerefuka bila kunenepa."

Wivu. Nimeutambua mara moja.

Jumamosi, 28 Februari

Siku ya kijiti. Asubuhi nilitangulia kukichomoa changu ili nijue nasimama wapi. Baridi. Baridi kama bomba la maji. Magunia hayaozi wala hayapashi joto, jambo ambalo Mwalimu hakulitaja kwenye somo lake, kwa hiyo kosa si langu peke yangu.

Kibanda changu cha makaa kimepakana na ua wa shule. Na kibandani huwa kuna jiko linalowaka, kwa ajili ya chai na kuwaonyesha wateja kwamba makaa yangu hayatoi moshi. Nikalaza kijiti juu ya jiko. Mwalimu Caren akaanza na rundo la Monika, akasema ni vuguvugu linaloelekea kuwa moto, vizuri sana. Akapita kwa la pili na la tatu. Akiwa bado anamsahihisha mtu wa tatu, nikaruka ua, nikakidunga kijiti changu kwenye rundo, nikasimama pembeni nikiwa nimeshika mikono nyuma.

Mwalimu alikichomoa. Akakishika. Akakiachia. Akakishika tena kwa ncha ya leso.

Akasema hajawahi kuona rundo lenye joto hivi katika muda mfupi hivi, na akaniomba niwaeleze wengine siri yake. Nikasema ni uvumilivu. Kizito wakapiga makofi. Nereah hakupiga. Alikuwa anakitazama kijiti.

Jumamosi, 14 Machi

Leo aliyeshika kijiti ni Padri mwenyewe. Nilitaka kumpa kitu cha kukumbuka, nikakiacha juu ya jiko kidogo zaidi. Labda si kidogo.

Alikichomoa akiwa anaongea na Mwalimu, akakikamata kwa kiganja kizima. Padri Mbuthia si mtu wa kupiga kelele. Alivuta pumzi, akakirudisha mahali pake kwa upole, akaangalia kiganja chake, kisha akaniangalia mimi. Akasema amelelewa shambani, amegeuza mboji tangu utotoni, lakini hii ni ya kwanza kunuka nyama choma.

Nikamweleza kwamba ndivyo mboji ya Ukambani ilivyo. Kule jua ni kali, na sisi wenyewe tumezoea. Alionekana kuridhika, au alikuwa anatafuta maji.

Hatari ilitoka kwa Mwalimu. Alisema rundo lenye moto namna hiyo lazima ligeuzwe leo leo, la sivyo litaungua, na kwamba watu wote wachukue uma tulisaidie. Wote! Nikaona magunia yangu yakitoka hadharani moja baada ya jingine. Nikasema hapana. Nikasema hii ni Kwaresima, na kugeuza rundo peke yangu ndiyo malipizi niliyochagua. Hakuna mtu kanisani anayeweza kumnyang'anya mwenzake malipizi. Padri mwenyewe aliuweka chini uma aliokuwa ameshaushika.

Nereah aliinama akanusa kijiti.

Sijaligeuza. Mgongo.

Jumatatu, 23 Machi

Mvua imeanza. Kizito ndiyo jumuiya ya kwanza kutandaza mboji! Wengine bado wanasubiri marundo yao yapoe, kama walivyoambiwa. La kwangu halikuhitaji kusubiri.

Nilitoa magunia asubuhi mapema kabla ya wanafunzi. Yalikuwa makavu kabisa, nimeyarudisha kazini. Mboji yenyewe ilikuwa na nyanya ambazo bado zilikuwa nyanya, lakini nimeichanganya na udongo ikapendeza. Nimepanda miche ya kabichi. Nimechagua kabichi kwa sababu za kimaandamano. Sukuma wiki ukiibeba kichwani inalegea. Managu inaonekana kama umetoka kufyeka. Lakini kabichi ni ya duara, inang'aa, na mtu wa kiti cha nyuma kabisa anaiona. Nimeshafanya mazoezi ya kucheza na sufuria kichwani. Nthenya ameomba sufuria yake.

Jumatano, 1 Aprili

Shule imefunga. Kesho tunasafiri Kitui kwa Pasaka. Kabla ya kuondoka nimepita bustanini. Nereah amepanda sukuma wiki kwa kamba, mistari imenyooka kama sare za shule. Kisha akazungushia tuta lake lote neti, akatia kufuli. Amebandika kibao: mboga hizi ni za siku ya somo, hakuna kuchuma. Jumuiya nyingine zote zimemwiga. Neti, kufuli, kibao.

Nimemwomba Nthenya neti ya kitanda. Amekataa. Amesema kati ya kuzuia mbu na kulinda kabichi, yeye ameshachagua.

Basi tuta la Kizito litabaki wazi. Haidhuru. Nani ataiba miche?

Jumamosi, 18 Aprili

Tumerudi. Ee Mungu wangu.

Kabichi hazionekani. Hazijakufa wala kuibwa. Hazionekani. Kila mbegu iliyotoka Kawangware imeota. Managu imefika magotini, terere imefika juu ya managu, nyanya zimepanda juu ya terere, na mmea wa malenge umetambaa juu ya yote, ukavuka njia, na sasa umeshika neti ya Nereah kama mtu anayeomba kufunguliwa. Nilipiga magoti nikapapasa chini, nikakuta kabichi moja. Ilikuwa nyeupe na ndogo kama kitufe cha shati.

Nimeng'oa kwa muda mrefu sana, mpaka chai. Baada ya chai nimetazama tena, nikaona nilichong'oa hakionekani mahali kilipotoka.

Wenzangu wa Kizito wamekuja kuangalia. Wamesimama pale kama watu waliofika matangani. Mmoja wao akauliza kama bado kuna nafasi ya tishu.

Nimewaambia watulie. Huu ni mpango. Wameuliza mpango gani. Nimewaambia mipango mizuri haielezwi kabla ya wakati wake.

Jumatano, 29 Aprili

Shule imefunguliwa Jumatatu, na jambo la ajabu limetokea.

Leo asubuhi nimekuta kona moja ya tuta imepunguzwa. Si kung'olewa. Imekatwa vizuri, ncha kwa ncha, kwa kisu kikali. Managu yote ya upande wa ua imeshushwa. Nilidhani nimekosea, lakini nimezunguka mara mbili. Mtu ananipalilia shamba.

Nimewauliza Kizito wote. Hakuna aliyegusa. Nimewaamini, maana nawajua.

Jumatatu, 4 Mei

Imetokea tena. Na tena. Kila asubuhi kipande kingine kimekatwa. Naondoka jioni nikiacha msitu, narudi nakuta kazi imefanyika.

Ndipo nikakumbuka. Mtakatifu Isidori! Katekista hutusomea habari zake kila mwaka. Alipokuwa anasali, malaika walikuwa wanamlimia shamba, na tajiri wake alipokuja kumkaripia akakuta jembe linakwenda. Mimi nilikuwa Kitui nikisali Pasaka. Nilisali kiasi chake. Na sasa, je?

Nimeamua kutogusa tuta tena. Mtu hawezi kuita malaika kisha akawasumbua na panga.

Nimemwambia Nthenya. Aliacha kukunja nguo, akanigusa paji la uso, akaendelea kukunja nguo.

Ijumaa, 8 Mei

Ushahidi! Malaika ameacha kandambili.

Ilikuwa imenasa kwenye matope katikati ya terere. Ya bluu, ya mguu wa kushoto, mkanda wake umefungwa kwa waya. Nimeipeleka nyumbani nikaiosha, nikaiweka juu ya kabati pembeni ya picha ya Bikira Maria. Nthenya ameuliza malaika anafanyaje kuvaa kandambili iliyokatika. Nimemwambia ni wale wa ngazi ya chini, wanaofanya kazi za mikono.

Jioni Nereah alikuwa kwenye tuta lake akimwagilia kupitia matundu ya neti. Sukuma wiki yake, lazima niseme ukweli hapa ambapo hakuna anayesoma, ni nzuri kuliko yoyote niliyoona maishani. Majani kama masikio ya tembo. Aliniuliza kama najua kwa nini mbegu zangu zote ziliota. Nikasema ni rutuba.

"Rundo likiwa moto kweli, mbegu zinakufa," akasema. "Na lako lilikuwa moto kuliko yote, si ndiyo?"

Nikasema ndiyo.

"Basi huo ni muujiza," akasema, akaendelea kumwagilia.

Hata yeye ameukiri.

Alhamisi, 14 Mei

Nimeamka na wasiwasi. Malaika wanapunguza, lakini kabichi hazijatokea, na Jumapili ndiyo siku. Dekano hawezi kuonyeshwa kandambili. Nitasimama mbele ya tuta nimwambie nini? Nitabeba nini? Nimejiona tena mwisho wa mstari na sinia la tishu, kayamba zimeshanyamaza, watu wameshakaa.

Hapana. Kumetokea wazo. Limetoka lenyewe nikiwa napima debe la makaa, kamili kama lilivyo.

Kawangware 56.

Jumamosi, 16 Mei

Kasiva amenichagulia kabichi kubwa kuliko zote sokoni, zenye majani ya nje bado yameshika. Aliuliza ni za sherehe gani. Nikasema ni za kupanda. Akasema, "Mbuvi, hizi zimeshakatwa." Nikasema ndiyo maana nazipanda.

Nimezipanga mstari wa mbele wa tuta, pale malaika walipokuwa wameshanisafishia. Nimechimba, nikazika kikonyo, nikashindilia udongo, nikamwagilia. Ukisimama njiani huwezi kujua. Kabichi safi kabisa mbele, na huo msitu nyuma yake utapita kama kivuli tu. Nimezipangusa kwa kitambaa.

Najuta jambo moja tu, kwamba sikuwaza hili mwezi wa pili. Ningejipunguzia kazi nyingi.

Jumapili, 17 Mei

Niandike haraka kabla sijasahau hata kimoja.

Dekano alikuja kabla ya misa. Mtu mnene, mpole, amekunja suruali ndani ya gambuti, akaonekana tangu mbali kwamba ni mtoto wa mkulima. Padri Mbuthia pembeni yake, Mwalimu Caren, na umati wa jumuiya zote. Alipita tuta kwa tuta. Nereah alifungua kufuli, akainua neti, na watu wote wakasema aah. Dekano aliinama akashika jani moja la sukuma kama anavyoshika mtu kitambaa cha bei. Nikajua kwamba nimebakiwa na kabichi tu.

Akafika kwangu. Akazitazama kabichi. Akatabasamu. Akasema hata kwao hawajawahi kupata kabichi za ukubwa huu, na akainama kuipapasa moja.

Ikatoka. Haikung'oka, maana hakukuwa na cha kung'oka. Ilitoka kama kofia. Akasimama ameishika mikononi, akageuza chini, akakiona kile kikonyo kilichokatwa kwa kisu cha Kasiva.

Akauliza kwa utulivu zimepandwa lini. Nilikuwa nimetayarisha jibu refu lenye mwezi wa tatu ndani yake. Lililotoka ni "Jana."

Mtu mmoja nyuma alisema, "Baba Tishu amepanda soko." Wakacheka mpaka katekista. Padri Mbuthia hakucheka. Alisema kwamba hii ni kabichi ya kwanza kuzaliwa kichwa bila miguu, na akaniuliza kama kuna kitu chochote kwenye tuta hili kilichoota hapa. Nilitazama viatu vyangu. Nilikuwa nimeshaanza kulisikia sinia la tishu mikononi.

Ndipo Akeyo akapenya katikati ya watu, na aproni yake ya jikoni.

"Fatha, samahani. Huo msitu nyuma ya kabichi ndio watoto wanakula. Managu, terere, majani ya malenge. Tangu shule ifunguliwe, kila siku."

Dekano akauliza kwa nini tuta hili na si yale mengine. Akeyo akaonyesha kwa kidole neti moja, neti ya pili, neti ya tatu.

"Kwingine kote kuna kufuli. Ni hapa tu palikuwa wazi. Nikikata leo, kesho imetoa tena. Githeri kavu hawajaiona mwezi huu."

Hakuna aliyecheka sasa. Mwalimu Caren alisema ni kweli, yeye ndiye aliyemruhusu, alidhani mimi najua. Alisema kwamba managu hukatwa ncha ndipo ichipue zaidi. Dekano aliiweka kabichi chini, akaruka mstari wangu wa mbele, akaingia ndani ya msitu hadi kiunoni. Akatoka na lenge changa la kijani mikononi, akalipima uzito huku akiwatazama watu wote. Akasema alidhani bustani hii ilianzishwa ili watoto wale.

Watu waliangalia kufuli zao.

Nereah ndiye aliyesema kwanza. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anatangaza mkutano wa jumuiya: "Mimi nilipanda za kuangaliwa. Huyu hata hakupanda, na watoto wameshiba." Kisha akavua neti yake, akaikunja, akamwambia Akeyo akate anachotaka.

Nikamuuliza Padri, kwa heshima, kama hiyo ina maana kwamba Kizito tumeshinda.

"Tuzo ni ya tuta, Mbuvi," akasema. "Kwa bahati mbaya tuta haliwezi kucheza."

NIMETANGULIA! Mbele ya kayamba, mbele ya soda, mbele ya mbuzi. Lenge kichwani, ungo wa managu mikononi, na mmea wa malenge nimezungushiwa shingoni hadi kiunoni, mkia wake ukiburutika nyuma kama wa gauni la bibi harusi. Aliyenizungushia ni Nereah mwenyewe mlangoni mwa kanisa. Alipokuwa ananifunga akaniambia sikioni, "Baba Victor, kile kijiti ulikichoma." Kayamba zikawa zimeanza, sikuweza kumsikia vizuri.

Nilicheza hatua mbili mbele, moja nyuma. Nilicheza hadi waimbaji wakarudia ubeti. Akina mama wa Kizito walipiga vigelegele ambavyo havijasikika tangu tupate paa jipya. Nilipofika altareni Dekano alilipokea lenge kwa mikono miwili. Nilitazama nyuma kuona nani yuko mwisho wa mstari na tishu. Alikuwa katekista.

Baada ya misa Akeyo aliniomba kandambili yake. Nthenya ndiye aliyemwambia iko wapi.

Jumapili, 24 Mei

Kamati ya bustani imeundwa. Nereah ni mwenyekiti. Kufuli zote zimetolewa, na Akeyo anachuma kila tuta kwa zamu. Mimi nimepewa cheo kipya kabisa, ambacho hakikuwepo: Msimamizi wa Kugeuza Mboji. Mboji yote, ya jumuiya zote, kwa mikono yangu. Padri alisema anataka kuhakikisha malipizi yangu ya Kwaresima yanakamilika. Cheo cha kiroho pia, kwa hiyo.

Na watoto hawaniiti tena Baba Tishu. Wananiita Baba Kabichi. Nthenya anasema si maendeleo. Mimi naona ni maendeleo.

Nimelitafakari jambo hili lote kwa makini, kama mtu mzima, ili nijue ni nini hasa kilichotushindia. Jibu liko wazi. Dekano alisimama kwenye tuta letu kwa sababu gani? Alitabasamia nini? Alivutwa na kabichi. Managu ilikuja baadaye. Nimempigia Kasiva simu kuhusu mwaka kesho. Nimemwambia atafute zenye mizizi.

Jumamosi, 13 Juni

Mvua tangu asubuhi. Rundo jipya ni kubwa, maana magunia matupu yalikuwa mengi kuliko nilivyodhani. Nereah anakuja leo kupima joto, yeye mwenyewe, kama mwenyekiti. Namwona kutoka kibandani akija kando ya ua na mwavuli, polepole, akikwepa madimbwi.

Kijiti kiko kwenye jiko. Safari hii nimekiweka mbali kidogo na moto. Mtu hujifunza.